Sadaka, Haki na Kasma: Wajibu wa Jamii kwa Wenye Ulemavu Chini ya Kilimanjaro

Swali ambalo dini zilizoota mizizi katika miteremko ya Kilimanjaro zimelijibu mara nyingi kwa mahubiri, na ambalo mabaraza ya madiwani hulijibu kila mwaka kwa bajeti bila hata kulitamka, ni kama mtu asiyeweza kuishi bila msaada wa kila siku wa wenzake, ama kwa sababu ya ulemavu mzito ama kwa sababu ya ugonjwa wa akili wa muda mrefu, huupokea msaada huo kwa hisani ya anayempa au huudai kwa haki. Laweza kuonekana swali la darasani, lisilo na kazi nje ya chuo cha theolojia. Katika kata ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, lina kazi kubwa, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama vidonge vya kifafa vitakuwapo zahanati mwezi ujao, na kama yuko mtu anayelipwa ili aende nyumbani kwa mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo akamwonyeshe namna ya kumlisha bila chakula kumpalia.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hali inayodumu maisha yote inahitaji ahadi inayodumu maisha yote. Kwamba sadaka, hata iwe kubwa na itoke katika moyo safi kiasi gani, haiwezi kutoa ahadi ya namna hiyo, kwa kuwa mtoaji daima ana uhuru wa kuacha. Na kwamba kasma, yaani mstari wa bajeti wenye namba yake, kiasi chake na ofisa wa kuulizwa juu yake, pamoja na ukavu wake wote, iko karibu zaidi na maana ya agano kuliko watu wa dini walivyozoea kukiri.

Mabogini si nchi ya migomba. Ni tambarare ya joto chini ya mlima, nchi ya mpunga na mahindi, ambayo upande wa Arusha Chini inapakana na mashamba ya miwa ya TPC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1930 na wawekezaji kutoka Denmark. Wakazi wake ni Wachaga walioshuka baada ya vihamba vya juu, yaani mashamba ya ukoo ya mlimani, kugawanywa mpaka vikawa vidogo mno, pamoja na Wapare, Wakahe na wengine wengi waliofuata kazi na maji. Jambo hili lina uzito katika mjadala wenyewe, kwa sababu mtu aliyeshuka tambarare amewaacha nyuma shangazi, bibi na wifi ambao huko juu wangeweza kumshikia mtoto asiyejiweza walau kwa nusu siku, na ujirani anaoukuta chini, ingawa ni ujirani wa kweli, ni wa watu ambao kila mmoja anakimbizana na kibarua chake.

Huduma katika jamii, au utengamao katika jamii kama wataalamu wanavyouita, ni utaratibu wa kumfikishia mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa akili msaada mahali anapoishi, kwa kutumia watu na vitu vya mahali hapo, badala ya kumwondoa na kumweka katika taasisi iliyo mbali. Shirika la Afya Duniani lilianza kuueneza baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililotaka afya ya msingi imfikie kila mtu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu katika ubongo unaokua inayomfanya ashindwe kuutawala mwili wake, utaratibu huo huonekana katika mambo madogo sana. Mtoto akilishwa amelala chali, uji huelekea kwenye njia ya hewa, naye hukohoa, hupata homa ya mapafu, na siku moja hafiki hospitali. Akiketishwa wima katika kiti cha kona, ambacho fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa mbao, au ambacho mafundi waliofunzwa hukijenga kwa makaratasi yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, kichwa chake hutulia, kidevu hushuka kidogo, kijiko huingia kwa chini, na mlo mmoja, ingawa unaweza kuchukua saa nzima, huisha salama. Kiti hicho, hata hivyo, hakidumu, kwa kuwa mtoto anakua, na baada ya miezi kadhaa kile kilichomwokoa huanza kumkunja mgongo, ikabidi mtu aje apime tena.

Kwa upande wa akili na kifafa ulazima wa mwendelezo ni mkali zaidi. Fenobabito, dawa ya kifafa ya zamani na ya bei nafuu kuliko karibu zote, humezwa kila siku kwa miaka mingi, na mgonjwa aliyeizoea akikatishwa ghafla kwa sababu zahanati imeishiwa, anaweza kupatwa na degedege lisilokoma, hali inayoua na ambayo pengine isingempata kama asingewahi kuanzishiwa dawa hiyo. Sindano ya flufenazini, inayochomwa karibu kila mwezi kwa watu wenye skizofrenia, yaani ugonjwa unaomtenga mtu na uhalisia kwa kumsikilizisha sauti na kumwaminisha mambo yasiyokuwapo, nayo humweka mtu kazini na nyumbani mradi ifike kwa wakati. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, jirani kabisa na Moshi, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu, na hiyo ni wilaya iliyo karibu na hospitali kubwa ya rufaa. Kutokana na mambo haya linapatikana sharti la kimaadili ambalo si la kawaida katika matendo ya huruma: msaada unaoanza na kukatika unaweza kudhuru kuliko msaada usioanza. Anayempa mwenye njaa mkate mara moja ametenda jema hata asiporudi. Anayemwanzishia mtu fenobabito amejifunga, apende asipende, kuwa atarudi.

Wahubiri wengi wanapogusa ulemavu huenda moja kwa moja kwenye miujiza, na hapo ndipo mashaka ya kitheolojia yanapoanzia, kwa maana muujiza huondoa hali, na anayengojea hali iondolewe hana haja ya kupanga namna ya kuishi nayo. Injili zenyewe zina mengine ya kusema. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa swali lenyewe, wala hawapi mkosaji wa kumlaumu. Jibu hilo, kama lingeshikwa kwa dhati, lingewapunguzia mzigo akina mama wengi ambao mpaka leo huulizwa na wakwe zao walikosa nini wakati wa ujauzito. Katika Marko 2 watu wanne wanambeba mwenzao aliyepooza, wanatoboa paa na kumshusha, na simulizi inasema ilikuwa imani yao, yaani ya wabebaji, iliyoonekana. Mapokeo yamewasifu sana wale wanne. Hakuna anayeuliza nani alilipia paa, ingawa ni lazima mtu fulani alilipia, na swali la makala hii kwa kiasi kikubwa ni swali la yule mwenye paa.

Mafundisho yanayogusa moja kwa moja suala la fedha yamo katika sheria zaidi kuliko katika miujiza. Torati, katika Mambo ya Walawi 19, inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni mwa shamba lake, kwa sababu pembe zile zimewekwa kwa ajili ya maskini na mgeni. Mkulima hachagui maskini yupi, hahojiwi kama ameguswa moyoni, na maskini anapoingia kuvuna haombi. Kumbukumbu la Torati 14 linaamuru fungu la kumi la kila mwaka wa tatu lihifadhiwe mjini kwa ajili ya mlawi, mgeni, yatima na mjane, na huo kwa kila hali ni mfuko wa umma. Uislamu umepanga jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa unatenganisha sadaka, ambayo ni hiari na ina thawabu yake, na zaka, ambayo ni faradhi yenye kiwango, kwa kawaida asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kukaa mwaka, na yenye makundi manane ya wapokeaji yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba. Wanazuoni wamefafanua kwamba sehemu hiyo ndani ya mali ya tajiri ni haki ya mpokeaji, kiasi kwamba anayeizuia anashikilia kisicho chake. Inafaa kukumbuka pia kwamba Sura ya Abasa inaanza na lawama iliyoelekezwa kwa Mtume mwenyewe kwa sababu ya kumpa kisogo kipofu, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kutafuta elimu wakati wakubwa wa Kikureshi wako barazani. Kipofu yule hakuja kuomba, na kilichodaiwa kwa ajili yake kilikuwa nafasi katika baraza na sikio la kiongozi.

Ziko basi, ndani ya dini zote mbili kubwa za mkoa huu, nyenzo za kutosha za kusema kwamba sehemu ya mali ya jamii haikuwa ya wenye mali hata kidogo. Inashangaza kwamba nyenzo hizo hutumiwa zaidi katika harambee, ambako kila mtu hutoa anachoona na kutangazwa jina lake, kuliko katika kudai bajeti.

Upinzani wa kwanza wenye heshima hutoka kwa wale wanaosema kwamba Afrika haikuhitaji kasma, kwa kuwa ilikuwa na ukoo. Kilimanjaro ina mtetezi wake maarufu wa wazo hili, naye alikuwa Mjerumani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefanya kazi miongoni mwa Wachaga tangu mwaka 1902 hadi 1938, kwa muda mrefu akiwa Old Moshi, aliandika kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926, na akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe ameviweka, na kwamba kanisa linapaswa kujengwa juu yake badala ya kuvivunja. Alikuwa sahihi katika mengi. Walezi wa watoto wenye ulemavu huko Mabogini wasingeweza kumaliza hata wiki moja bila jirani anayechungulia. Lakini kifungo cha ukoo hubeba kwa kadiri ya nguvu za ukoo, na nguvu hizo zilikuwa ardhi. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, katika utafiti wake wa miaka mingi juu ya sheria za kimila mlimani, uliochapishwa mwaka 1986, alionyesha namna uhaba wa vihamba ulivyoufanya ukoo, bila kubadili lugha yake ya udugu, uwe uwanja wa kuwabana wanyonge wake. Ndugu asiyeweza kulima wala kujitetea ndiye wa kwanza kusogezwa pembeni.

Kuna tatizo la kina zaidi, ambalo liko ndani ya falsafa ya utu yenyewe. Mwanafalsafa wa Nigeria Ifeanyi Menkiti, katika insha ya mwaka 1984, alieleza kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hazaliwi akiwa na utu kamili, bali huupata kidogo kidogo kwa kushiriki katika jamii na kutimiza wajibu wake, hivyo kwamba mtoto mchanga bado hajaufikia na mzee mwenye kuheshimika ameufikia zaidi. Ukiipokea nadharia hiyo kama ilivyo, mtu mwenye ulemavu mzito wa akili, ambaye hatawahi kutimiza wajibu kwa maana hiyo, hubaki mlangoni mwa ubinadamu maisha yake yote. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu, na kwa haki, kwamba jamii huukuta utu, haiuumbi, na kwamba maadili ya Kiafrika huanza na hadhi ya mtu kabla ya mchango wake. Nadharia za Magharibi hazina cha kujivunia hapa. John Rawls, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kimeongoza mjadala wa haki kwa nusu karne, aliwafikiria wananchi kama watu wanaoweza kushirikiana kikamilifu maisha yao yote, akaahirisha suala la wasioweza. Ni wanafalsafa wa baadaye, kama Eva Kittay, mama wa binti mwenye ulemavu mzito, na Alasdair MacIntyre, waliorudisha ukweli kwamba kumtegemea mwingine ndiko kunakoanza na kumaliza maisha ya kila binadamu, na kwamba jamii isiyopanga kwa ajili ya utegemezi imepanga kwa ajili ya viumbe wasiokuwapo.

Kosa la kumpima mtu kwa mchango wake si la vitabuni tu, kwani limeingia katika sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao katika ibara yake ya 19 unatambua haki ya kuishi katika jamii, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, inayozungumzia hata mfuko wa taifa kwa ajili yao. Hata hivyo fedha ambayo mwananchi wa kijijini anaijua zaidi ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mpango huu umewapa wengi mitaji ya cherehani, kuku na biashara ndogo, wala haustahili kubezwa. Lakini ni mkopo, na mkopo hurudishwa, maana yake umemlenga mtu mwenye ulemavu anayeweza kuzalisha. Mtoto anayehitaji saa nzima kumaliza bakuli la uji hana cha kurejesha, na mama yake, ambaye saa hizo ndizo mtaji wake pekee, hana muda wa kufanya biashara ya kuulipa. Kisha, Aprili 2023, serikali ilisimamisha mikopo yote hiyo ili kurekebisha utaratibu baada ya kasoro kubwa katika urejeshaji, ikaanza tena mwaka uliofuata. Sababu zilikuwapo. Ila ilionekana pia jinsi fedha pekee yenye jina la watu wenye ulemavu katika halmashauri ilivyoweza kusimama kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda.

Mkoa huu umewahi kuonja kilicho bora, baada ya miongo mingi ya taasisi za mbali. Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari kutoka Ujerumani kwanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, iligeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, na mwaka 1927 Waingereza wakajenga Mirembe huko Dodoma. Kwa miongo mingi huduma ya akili ilimaanisha safari ya kwenda mbali, mara nyingi kwa kamba na polisi. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu njia nyingine, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, na mikoa miwili iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Wahudumu wa kawaida wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutambua kifafa na magonjwa makubwa ya akili, kutoa dawa chache za msingi na kuwafuatilia wagonjwa nyumbani, na taarifa ya tathmini iliyochapishwa mwaka 1991 ilithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana katika nchi maskini. Wakati huo huo, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha kuikausha hazina, mwaka 1986 nchi iliingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuanzia 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama hospitalini. Mradi ulio na mwisho uliotajwa tangu siku ya kwanza ulikuwa umethibitisha huduma isiyopaswa kuwa na mwisho, na kati ya mambo hayo mawili hakuna aliyeweka kasma.

Hali ya leo ina mpangilio unaofanana. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 chini ya taasisi ya makanisa, inafanya kazi kwa ushirikiano na serikali, ambayo hulipa mishahara ya watumishi wengi. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, yaliuweka uhusiano huo katika maandishi. Hakuna anayesema kwamba mshahara wa daktari wa KCMC ni sadaka. Lakini mtoto yule yule akitoka wodini na kurudi kijijini, anaingia katika eneo la wafadhili. Huduma za mchana kwa watoto wenye ulemavu mjini Moshi na viunga vyake, kama zile za mpango wa Building a Caring Community wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zimejengwa kwa ushirika na Mosaic, shirika la Kilutheri lenye makao katika jimbo la Nebraska, Marekani, pamoja na michango ya watu binafsi walio mbali.

Mosaic yenyewe, katika kazi zake za huko kwao, hutegemea kwa kiasi kikubwa Medicaid, yaani mpango wa serikali kuu ya Marekani na majimbo yake unaogharimia afya ya watu wa kipato cha chini na wenye ulemavu. Sheria ya Medicaid inayalazimisha majimbo kugharimia makao ya uuguzi, lakini huduma za nyumbani na katika jamii, zilizofunguliwa njia kwa kibali maalumu mwaka 1981, kwa sehemu kubwa ni za hiari ya jimbo. Julai 2025 ilisainiwa sheria ambayo, kwa makadirio ya ofisi ya bajeti ya Bunge la nchi hiyo, itapunguza matumizi ya serikali kuu kwa Medicaid kwa kiasi kinachokaribia dola trilioni 1 katika miaka 10, na walezi wa watu wenye ulemavu huko wana kila sababu ya kuogopa, maana jimbo linalotafuta pa kukata hukata kwanza lisilolazimishwa. Nchi tajiri kuliko zote na kata ya tambarare ya Moshi zimefikia, kwa njia tofauti, mpangilio mmoja: jengo lina kasma, nyumba ya mtu haina. Mwaka huo huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na nchi za Afrika Mashariki zikaona jinsi hisani ya taifa inavyoweza kwisha kwa miezi michache bila kumkosea mtu yeyote kisheria.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mazuri, ila fedha haipo. Jibu la uhaba Mabogini wanalijua kwa maji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulitegemea mito ya Njoro na Rau, na haukupita muda mrefu kabla wakulima wa juu ya mfereji, walioona faida ya mpunga, kuanza kuyachukua maji nje ya mpango, ikawa mashamba ya mwisho upande wa Chekereni yanabaki na vumbi. Hakuna aliyehitimisha kwamba kwa kuwa maji hayatoshi basi wa mwisho wayapate kwa huruma ya wa kwanza. Ilidaiwa zamu, na zamu maana yake ni kwamba uhaba unagawanywa kwa kanuni na wote wanapungukiwa. Ni mifongo ya mlimani, mifereji ya asili ambayo kila kaya iliilipia kwa siku zake za kazi, iliyowafundisha watu hawa somo hilo kabla hajaja mhandisi. Zanzibar, ambayo si tajiri, ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi kutoka hazina yake yenyewe, shilingi 20,000 kwa wakati ule. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hakikumhoji mzee kama anafaa, na kimeongezwa baadaye. Kenya nayo huwalipa wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, mara nyingi kwa kuchelewa, na hata kuchelewa huko kunafundisha kitu: mtu anayecheleweshewa kilicho chake hulalamika hadharani, ilhali mtu anayecheleweshewa sadaka hunyamaza.

Pingamizi zito zaidi linahusu ubaridi wa serikali. Ofisa anayejaza fomu hawezi kupenda, na kuna hofu ya kweli kwamba jirani akijua yupo anayelipwa ataacha kuchungulia. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama kinachopendekezwa kingekuwa ofisa kuchukua nafasi ya jirani. Lakini kinachomchosha jirani mpaka akaacha ni kule kubebeshwa peke yake kazi isiyo na mwisho, nauli ya bodaboda mpaka mjini, dawa ya kununua dukani wakati zahanati imeishiwa. Wala si lazima serikali itoe huduma kwa mikono yake. Utaratibu uliokwisha kutumika kwa hospitali za makanisa, ambapo halmashauri huingia mkataba wa huduma na mwenye hospitali, unaweza kutumika kwa kituo cha mchana cha kanisa au cha msikiti, mkataba ukitaja watoto wangapi, ziara ngapi za nyumbani na kwa shilingi ngapi. Kanisa litapoteza uhuru fulani, na litalazimika kumpokea yeyote bila kuuliza dini yake na kufungua vitabu vyake vya hesabu. Hilo huenda likawa faida yake kuu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaokusudia kuandaa wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5, unaweza pia kubeba ufuatiliaji wa kifafa na mtindio wa ubongo, iwapo kazi hiyo itaandikwa katika majukumu yao na isiachwe kwa wema wa kila mmoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta swali hilo hilo: bima inayolipia kitanda cha hospitali na kuacha ziara ya nyumbani itakuwa imerudia kosa la Medicaid kabla ya nchi kufikia utajiri wa Marekani.

Mpango na bajeti ya halmashauri, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, huanzia kijijini, ambako wananchi hutaja vipaumbele vyao katika mkutano mkuu wa kijiji kabla havijapanda kwenye kata na wilaya. Mkutano huo hufanyika mchana, mara nyingi chini ya mti au kwenye darasa la shule, na unadai mtu aje, aketi na aongee. Mama ambaye hana wa kumwachia mtoto haji, mtu ambaye sindano yake imechelewa haji, na kwa hiyo kijiji hutaja barabara, kivuko, madarasa na mfereji, ambavyo vyote vinahitajika. Sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Pale kamati hizo zitakapokutana kabla ya mkutano mkuu, na mwinjilisti na imamu wa kijiji wakawa wamepita kwenye nyumba zile ambazo mkutano hauzioni, wakaandika kwa majina ya mahitaji na si kwa majina ya watu ni vidonge vingapi, viti vingapi na ziara ngapi kwa mwaka, mtendaji wa kijiji atakuwa na kitu cha kuingiza katika muhtasari, na ofisa mipango wa wilaya, atakapoamua kukikata, atalazimika kukikata kikiwa na namba.